Wavinya na Laini ya Nyoka

Huko kijijini Tulia, ukiuliza Wavinya wa Syombua anafanya kazi gani Kibwezi, utaambiwa anabonyeza. Jibu hilo lilitoka kwa mama yake mwenyewe, na hakulitoa kwa dharau. Syombua aliwahi kumtembelea bintiye ofisini, akakalishwa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, akapewa soda, akashinda asubuhi nzima akimtazama. Mtoto anachukua simu, anabonyeza, anaitikisia kichwa, anaiweka chini, anachukua nyingine. Aliporudi nyumbani aliwaambia wanawake wenzake wa kanisani kwamba kuna watu wanalipwa kwa kubonyeza, na mmoja wao ni binti yake, Mungu ni mwema. Wavinya alicheka aliposikia, lakini ilimchoma kidogo. Alikuwa amesomea kazi ile.

Ukweli ni kwamba mama hakuwa mbali sana. Wavinya alikuwa mpimaji wa programu. Mpimaji wa namna yake hafungui programu kuchungulia imeundwaje ndani. Hayo anawaachia walioiandika. Yeye anapewa maelezo ya mambo ambayo programu imeahidi kufanya, kisha anakaa upande wa mtumiaji na kuijaribu kila ahadi. Imesemwa ukibonyeza hapa ujumbe utakwenda, basi anabonyeza na kuangalia kama umekwenda. Imesemwa ukikosea nambari ya siri utakataliwa, basi anakosea kwa makusudi, tena anakosea vibaya, aone kama kweli atakataliwa. Likitokea lile lililoandikwa, anaandika "imepita". Lisipotokea, anairudisha kazi kwa aliyeiandika, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Alikuwa hodari, na alikuwa msumbufu. Abdiladif, kijana wa Mwingi aliyekuwa akiandika programu zile, alizoea kusema kwamba Wavinya akipewa chapati atauliza kama upande wa pili nao umeiva. Walikuwa marafiki. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Mombasa, na malori makubwa yakipita vioo vilitetemeka na watu wakanyamaza kidogo kabla ya kuendelea na mazungumzo. Mwenye kampuni aliitwa Mwau, mtu mpole, mwenye shati la kupigwa pasi hata siku za joto la kuua, na mwenye tabia moja tu mbaya: alipenda kuchekesha watu mkutanoni.

Sasa, mkutano mmoja ndio uliomharibia Wavinya, ijapokuwa siku ile hakuna aliyejua kuna kitu kimeharibika. Walikuwa wakipanga kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata, laini ya simu ya watu walioumwa na nyoka. Anayekaa Kitui au Makueni hahitaji kuelezwa. Mtu akiumwa anabebwa hadi zahanati ya karibu, anaambiwa dawa hakuna, anabebwa hadi ya pili, huko nako anaambiwa iliisha juzi, na sumu haingoji mtu amalize kuzunguka. Laini ile ingemaliza kuzunguka huko. Unapiga, inaita kidogo, inapokelewa na mashine, unabonyeza nambari ya eneo lako, unaambiwa ni kituo gani chenye dawa siku ile, kisha muuguzi anaingia na kukuelekeza la kufanya njiani. Mkiwa mnaongea simu ikakatika, mashine yenyewe inakupigia. Ilikuwa kazi nzuri, na wote waliipenda.

Katika mkutano huo Wavinya aliuliza itakuwaje kwa kina mama wazee wasiojua kubonyeza nambari katikati ya simu. Lilikuwa swali la maana. Mwau akatabasamu, akasema Wavinya ametuletea Tulia tena ofisini, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Wavinya mwenyewe alicheka nao, tena kwa sauti, lakini uso ulimwaka, na tangu siku ile alifanya uamuzi ambao hakumwambia mtu. Tulia ingebaki Tulia. Ofisini angekuwa mtu wa maelezo yaliyoandikwa, kama wengine.

Laini ilijaribiwa kwanza Kiboko, na watoto wa Kiboko wakaigeuza mchezo. Wanapiga, inaita, wanakata, wanacheka. Simu za kukatwa zikajaa hadi mashine ikawa inahema. Mwau akaongeza sharti moja katika maelezo: simu ikikatwa kabla ya kupokelewa, mfumo usifanye lolote. Abdiladif akaandika hivyo. Kisha kazi ikaja kwa Wavinya apime.

Alilipima sharti hilo siku ya Ijumaa mchana, akiwa amevaa nguo nzuri kwa sababu baadaye alikuwa na mazoezi ya kwaya. Akapiga nambari, akaiacha iite mara moja, akakata. Kidole chake hakikuhitaji kufundishwa jambo hilo. Ilikuwa flashi tu, ile flashi tunayoijua sote: unamwitia mtu mara moja na kukata ili ajue unamtaka, naye mwenye uwezo akupigie. Wavinya alikuwa amelelewa kwa flashi. Alipokuwa shule ya upili alimflashi mama kwa simu ya matroni. Siku hizi mama ndiye aliyemflashi yeye, asubuhi kabla ya kwenda shamba, jioni akirudi, mara moja tu, na Wavinya anaacha alichokuwa akifanya na kumpigia. Tangu aajiriwe hakukumbuka hata mara moja mama yake kumpigia simu na kungoja ipokelewe.

Basi akaiweka simu mezani, akangoja. Simu ikanyamaza. Ilinyamaza kama ilivyoandikwa inyamaze.

Akamwona mama yake akilini. Alimwona waziwazi, amesimama nje ya jiko, simu ikiwa kiganjani, akiikodolea macho. Wavinya akafungua mdomo. Upande wa pili wa meza Abdiladif aliinua kichwa na kumuuliza iko aje. Lilikuwa neno la kusema kwa pumzi moja tu: jamani, huku kwetu watu wanaflashi. Lakini kile kicheko cha mkutanoni kilimrudia sikioni, na neno likamkwama. Akamwambia Abdiladif iko sawa. Akaandika "imepita", akachukua mkoba wake, akaenda kuimba.

Matangazo ya laini yalibandikwa madukani, yakasomwa redioni kwa Kikamba. Lile la Tulia lilibandikwa kwenye mlango wa duka la dawa za mifugo, na Syombua akamwomba mwenye duka amwandikie nambari ile kwenye simu yake. Alijua kabisa kwamba hiyo ni kazi ya mtoto wake. Aliwatembeza majirani hadi pale mlangoni kuwaonyesha tangazo, na dada yake Kanini akiwa mmoja wao, hata akawa anawachosha.

Kanini alikuwa kitinda mimba wa kwao. Syombua ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao akiwa shambani, na walipokua, Kanini akaolewa na Nzau, boma lililopakana na la Syombua. Katikati yao palikuwa na ua wa minyaa wenye pengo ambalo hakuna aliyewahi kuliziba, maana wangelipasua tena kesho yake. Chumvi ilipita hapo, makaa yalipita hapo, umbea wote wa Tulia ulipita hapo. Kanini alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya kamba. Sisemi alisuka kama wanavyosuka wengine, wa kupitisha muda. Vidole vyake vilienda vyenyewe huku akiongea, akicheka, akimgombeza kuku, na mwisho wa maongezi kiondo kimepanda shubiri nzima bila yeye kukitazama. Kuna wanawake waliotoka mbali kuja kukaa karibu naye ili waone tu anavyofanya.

Asubuhi moja ya mavuno ya ndengu, Kanini aliinama kuinua fungu la mashina yaliyokaushwa, na chini yake alikuwa kifutu, yule nyoka mnene mvivu ambaye watu wakija hakimbii. Alimuuma mkono wa kulia. Kanini alipiga ukemi mmoja, na Syombua akapita penye pengo mbio, jembe likiwa bado mkononi.

Nzau hakuwepo, alikuwa amepeleka mbuzi sokoni. Syombua alimkalisha dada yake kivulini, akatoa simu. Hakubabaika. Baadaye watu walisema alibabaika, lakini haikuwa hivyo. Mama yule alikuwa na utulivu wa kuniaibisha mimi na wewe. Alijua nambari ipo, alijua ni ya mtoto wake, alijua ni ya kazi hiyo hiyo. Krediti ilikuwa kidogo, akaona aiweke ya kumwitia Muli wa bodaboda. Basi akaflashi. Ikaita, akakata, akasimama akiingoja simu. Akamwambia Kanini wanapiga sasa hivi. Akaflashi tena. Akamshika Kanini bega, akamwambia hao ni watu wa Wavinya, hawawezi kukosa kupiga.

Nani asingengoja? Mwenye duka la dawa za mifugo ukimflashi anapiga. Fundi wa kisima anapiga. Pasta anapiga. Binti yake mwenyewe hajawahi kukosa kupiga. Syombua aliendelea kungoja hadi mkono wa Kanini ukaanza kuvimba kupita kiwiko, ndipo akamwita Muli. Muli akawapeleka kwenye zahanati ya karibu, ambayo siku ile haikuwa na dawa. Kituo chenye dawa kilikuwa upande wa pili kabisa, na wao walikuwa wamekipa mgongo. Walipofika huko jua lilikuwa limeinama.

Kanini hakufa. Daktari aliwaambia wamshukuru Mungu, na walimshukuru. Lakini nyama ya mkono ilikuwa imeoza, na mkono ukabaki na kidole gumba na kidole cha mwisho. Vile vya katikati vilikatwa.

Nzau alipofika hospitalini, muuguzi mmoja, bila nia mbaya, alimuuliza kwa nini hawakupiga laini ya nyoka, maana ukipiga inapokelewa papo hapo na unaambiwa uende wapi. Nzau akamgeukia Syombua. Syombua akasema aliflashi. Nzau akamwomba simu, akaangalia krediti, akaiona imo, hata baada ya kumwita Muli ilikuwa imebaki. Hakumpigia kelele. Aliirudisha ile simu na kusema maneno ambayo kufikia Jumapili yalikuwa yamefika kila boma la Tulia: dada wa mke wangu alibania simu, mke wangu akapoteza mkono.

Wavinya alikwenda Tulia siku ile ile aliyopata habari. Alimkuta mama yake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hapiki, hafagii, macho makavu. Akamsimulia yote, hata pale pa kuflashi. Mama akasema, "Ni mimi, Wavinya. Nilibania simu." Wavinya akamwambia asijilaumu. Akamwambia ni nyoka. Akamwambia na barabara ni mbaya. Alisema kila kitu isipokuwa kile kimoja, na alipomaliza mama akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto wa kumfariji. Ndugu msomaji, kuna kufarijiwa kunakomfanya anayefariji atamani ardhi impasukie.

Kibwezi aliporudi alimweleza Abdiladif. Kijana alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akashika paji la uso. Akasema mama yake, Ruqiya, pale dukani kwao Mwingi, anauza simu na krediti, na hata yeye hajawahi kumpigia mtoto wake simu ya kupokelewa, anaflashi. Wakatazamana. Mwau naye alikuwa na mama kijijini. Hakuna mtu katika ofisi ile ambaye mama yake haflashi. Wote walilijua jambo lile kabla ya kujua kusoma, na wote walilivua mlangoni asubuhi pamoja na vumbi la viatu.

Abdiladif aliirekebisha kabla ya chakula cha mchana. Watoto wa Kiboko aliwawekea mpaka wao, na wengine wote wakiflashi, mashine iwapigie. Wavinya akapima. Akapiga, akaacha iite mara moja, akakata, na kabla hajaiweka simu mezani ikalia mkononi mwake. Alijifungia chooni akalia hadi malori yakapita mengi. Kuirekebisha kulikuwa jambo dogo hivyo.

Mwau aliwaita wawili hao, akasema amesikitika, na uso wake ulionyesha kweli amesikitika. Kisha akasema hakuna aliyekosea. Mfumo ulifanya ulichoambiwa ufanye, na Wavinya alipima alichoambiwa apime, kwa hiyo jambo hili lisipelekwe nje. Wavinya alilipokea neno lile kwa mikono miwili. Alilala nalo, akaamka nalo, akapanda nalo ngazi za ofisi. Hakuna aliyekosea. Kila alipolisema lilikuwa kweli, maana ukichukua maelezo na kuyaweka kando ya alichoandika, hutapata kosa hata ukitumia tochi. Na kila alipolisema alijua kwamba Tulia kuna mtu aliyebeba kosa ambalo halipo.

Miezi ikaenda. Mama alimwambia kwamba yuko salama, na kwa muda Wavinya alijifanya anaamini. Lakini habari zilifika. Pengo la ua lilikuwa limezibwa kwa miiba, na aliyeliziba ni Nzau. Kanisani Syombua alihama benchi, akawa anakaa karibu na mlango. Kanini hakumtusi dada yake, hakumsema kwa watu, hakumjibu mtu aliyemsema. Hakumwendea tu. Wanawake waliokuwa wakija kumwangalia akisuka waliacha kuja, na yeye akawagawia kamba zake zilizobaki.

Wavinya alikwenda nyumbani Krismasi. Miaka yote dada hawa walipika pamoja, sufuria zote boma moja, watu wakila hadi wakahama na kivuli. Mwaka huo moshi ulipanda pande mbili za ua. Wavinya aliuona moshi ule kabla hajashuka kwenye bodaboda.

Alimkuta mama akimenya mbaazi. Walisalimiana, akaketi kando yake, akashika sinia upande mmoja. Akauliza simu ya mama iko wapi, kwa kuwa siku hizi alikuwa akipata habari zake kwa simu ya jirani. Mama akasema ameifunga kwenye kitambaa, ameiweka sandukuni. Hakuitaka. Ilikuwa imemshinda. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kusema mbaazi za mwaka huu ni ndogo, kwamba anafikiri kuhamia kwa kaka yake Kibwezi, kwa sababu hapa kila anapotazama anauona ua.

Hapo Wavinya akajikaza, akasema.

Alieleza taratibu, kwa maneno ambayo mama angeyafuata. Kwamba mashine ile iliambiwa isijibu flashi. Kwamba kabla haijatolewa kwa watu mtu mmoja alipewa kazi ya kuijaribu. Mtu huyo aliflashi, mashine ikanyamaza, akaandika kuwa iko sawa. Mtu huyo ni yeye. Hata kama krediti ingekuwa ya kujaa ndoo, mama angeflashi tu, kwa sababu ndivyo tulivyo, na mashine ingenyamaza tu, kwa sababu ndivyo ilivyoachwa.

Mama hakuacha kumenya. Wavinya alikuwa amejiandaa kwa kilio, au kwa kofi, na kwa miezi mingi alikuwa amejiandalia pia kusamehewa, tumkubalie ubinadamu wake. Mama alimenya ganda moja, la pili, kisha mikono ikapumzika.

"Uliflashi," akasema, "ukaona haipigi."

"Ndiyo, mwaitu."

"Na ulinikumbuka?"

Wavinya angeweza kudanganya. Hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Nilikukumbuka."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

Jibu la Mwau lilikuja mdomoni, lile la hakuna aliyekosea, akaliona limekauka. Akatafuta la Ijumaa na kwaya, nalo halikutosha hata kuanzia. Chini yake palikuwa na lile la kweli, ambalo hata yeye mwenyewe alikuwa amelizunguka miezi yote bila kulikanyaga.

"Niliona aibu," akasema. "Wangecheka. Sikutaka wajue kwetu tunaflashi."

Mbuzi alilia upande wa pili wa ua. Syombua alimtazama bintiye kwa muda, na usoni mwake hapakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Wavinya. Alimtazama namna mtu anavyomtazama mgeni aliyetaja jina la kwao, akijaribu kumweka mahali.

"Aibu yangu mimi," akasema.

Mama akalisukuma sinia kando, akainuka, akakung'uta maganda, akajifunga leso vizuri. Wavinya naye akainuka ili waende pamoja, kwa kuwa ilikuwa wazi anakokwenda. Alikuwa amejiambia njia nzima kwamba atapiga magoti mbele ya Kanini. Mama akainua mkono kumzuia.

"Wewe kaa," akasema. "Mimi niliflashi sijui. Wewe ulijua. Hayo si mambo ya kupeleka pamoja."

Akazunguka kwa njia ya barabarani, kwa sababu penye pengo palikuwa na miiba. Wavinya akaketi tena na kuendelea kumenya mbaazi, hakujua la kufanya na mikono yake vinginevyo. Kisha akasikia sauti ya Nzau, juu, ikauliza kitu, ikashuka. Kisha akasikia kilio, wanawake wawili wakilia pamoja, kile kilio kirefu kinachopanda na kushuka na ambacho mtu anakitambua hata kama hajawahi kukisikia. Kilio kikaendelea, kikapungua, na katikati yake mama yake akacheka. Kanini alikuwa amesema kitu. Wavinya alinyoosha shingo apate kusikia ni nini, lakini walikuwa wameshusha sauti.

Mchana ule Nzau alitoka na panga, akafyeka ile miiba, akaitupa kando. Sufuria zikapitishwa. Watu walikula pamoja, na Wavinya aliitwa, akaletewa kiti, kiti kizuri cha mgongo, na maji ya kunawa akaletewa wa kwanza. Kanini alimmiminia maji kwa mkono wa kushoto. Wavinya aliutazama ule wa kulia uliolazwa pajani, akaanza kusema lile alilokuja nalo, akashindwa. Kanini akamngoja. Alipoona maneno hayaji, akasema, bila ukali wowote, "Ungeniuliza tu, mwanangu, huku tunapigaje simu. Ningekuambia." Kisha akaenda kuketi kando ya dada yake. Syombua alikuwa akimkatia nyama vipande vidogo, na wote wawili walikuwa wakiongea kwa wakati mmoja kama zamani.

Hakuna aliyemsema Wavinya siku ile, wala kesho yake. Hakuna aliyemwambia Nzau zaidi ya ilivyolazimu. Mama hakuhamia Kibwezi. Kwa hesabu yoyote utakayoipiga, Wavinya alifanya jambo jema, ingawa alilifanya akiwa amechelewa, na dada wawili walirudishiana.

Siku ya kuondoka alitegemea mama amwambie yale ya siku zote: jifunike baridi, uache kula ovyo, utaolewa lini. Maneno yale yalikuwa yakimkera tangu zamani. Syombua alitoka naye hadi barabarani, akasimama mbali kidogo na bodaboda, mikono ameikunja mbele kwa heshima, kama anavyosimama yeye kila watu wa ofisi ya chifu wanapokuja na kuondoka.

"Asante kwa kutuambia," akasema. "Asante sana kwa kuja."